Vifuu na mlonge kwenye maji ya viwanda: tusicheke haraka

Ukitaja kusafisha maji machafu ya kiwanda kwa vifuu vya nazi au mbegu za mlonge, hapa Dar wengi wanacheka, wanaona ni mradi wa wanafunzi wa sekondari. Hoja zao zipo na nitazifikia, ila kwanza tuone wanachokicheka.

Kifuu kikigeuzwa mkaa halafu mkaa ukapitishiwa mvuke wa moto mkali sana, kinabaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu 1 inaweza kuwa na eneo la ndani la mita za mraba 1,000. Elfu moja! Yaani gramu 7, kijiko kimoja cha mezani hivi, ni kiwanja kizima cha mpira, na rangi za nguo zinanasa humo. Nchi zenye viwanda vikubwa zinanunua mkaa huu kila siku, sasa sisi tunacheka mkaa au tunacheka nazi kwa sababu ni ya kwetu? Mlonge nao protini yake ina chaji chanya, inavuta tope lenye chaji hasi linagandana linazama, kazi ile ile ya shabu, na hata mashudu ukishakamua mafuta bado yanaifanya.

Haya, upande wa pili. Maji ya kiwanda ya asubuhi sio ya jioni, asidi ikizidi, maganda na pumba ambazo nazo hutumika kunasa metali zinashindwa kushika risasi (metali ya sumu, sio ya bunduki), na mlonge unaacha mabaki yake kwenye maji, ukiyaweka siku mbili tatu yananuka. Kubwa zaidi, metali haipotei, inahama tu toka kwenye maji kwenda kwenye gunia la mkaa au maganda, na gunia hilo likitupwa dampo la Pugu Kinyamwezi likakutana na uchachu wa taka, risasi inaweza kutoka tena. Kweli kabisa. Ila tope la shabu na chokaa nalo lina shida hiyo hiyo, mbona hilo hatulisemi?

Kiwanda kikubwa kiweke mkaa mwishoni, tope likishatolewa. Mimi nawaza zaidi wale wa batiki uani, maji yao ya rangi yanaenda mtaroni, mtaro unaenda Mto Msimbazi, na pembeni ya Msimbazi kuna mchicha tunaokula. Hao mtambo wa mamilioni hawanunui leo wala kesho, pipa la mkaa wanaliweza, mradi manispaa iwe na gari la kupitia mkaa uliochoka.