Shimo la Ann Arbor na mzunguko wa Kwa Mkapa

Jamaa zangu wa Temeke wakinipigia Jumamosi huniuliza uwanja wa Wamarekani una nini cha ajabu. Nawajibu: hauna paa, na watu wengi wanakalia mabenchi. Wanadhani nawatania.

Michigan Stadium, uwanja wa futiboli ya Kimarekani hapa Ann Arbor, jimbo la Michigan, unachukua watu 107,601. Ni mkubwa kuliko wote Marekani, na ni mali ya chuo kikuu, tena katika mji wenye wakazi laki moja na ishirini na kitu tu. Ulifunguliwa mwaka 1927. Fielding Yost, aliyekuwa mkuu wa michezo chuoni, hakutaka kupandisha majukwaa juu, alichimba. Sehemu kubwa ya uwanja iko chini ya usawa wa ardhi, kwa hiyo ukipita getini unajikuta tayari uko juu, na nyasi bandia ziko kule chini kama kitu kilichosahauliwa ndani ya bakuli. Mara ya kwanza nilisimama nimeduwaa mpaka wa nyuma yangu wakaanza kuguna. Ulianza na nafasi kama 72,000, lakini Yost alihakikisha misingi inaweza kubeba zaidi ya laki moja siku za mbele. Hapo namwonea wivu.

Nafasi yako ni namba iliyoandikwa kwenye benchi. Novemba, kila mtu na koti lake nene, mnabanana kama abiria wa daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni. (Ile moja ya mwisho kwenye 107,601 ni kiti cha heshima ya Fritz Crisler, kocha wa zamani. Kiko wapi, ni siri.) Ila kubanana huko kuna faida: hakuna kitu kati yako na mchezo. Mwaka 2014 Manchester United na Real Madrid walicheza hapa, wakaingia watu 109,318.

Sasa turudi Kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Uwanja umefunguliwa 2007, watu 60,000, kila mmoja na kiti chake, paa lipo. Kwa starehe tumewashinda. Lakini ule mduara wa riadha! Ukikata tiketi ya mzunguko, ukakaa nyuma ya goli, bao likifungwa upande wa pili unajulishwa na kelele za wenzako. Siku za mashindano ya riadha pale ni chache. Siku za Simba na Yanga hazihesabiki, na kila siku hizo tunalipia umbali ule. Najua watakaonijibu kwamba riadha nayo ni mchezo. Sawa, ijengewe pake, hata watu elfu kumi wanatosha.

Wamarekani nao wasijisifu sana. Msimu mzima bakuli lao linajaa Jumamosi saba au nane, basi, siku nyingine unapita nje kimya kama makaburini. Kwa Mkapa nyasi hazipati hata muda wa kupumua: Simba wakitoka wanaingia Yanga, Yanga wakitoka inaingia Taifa Stars.

Desemba nakuja nyumbani. Nimeshamwambia mdogo wangu anitafutie tiketi ya viti vya rangi ya chungwa, pale ubavuni. Mzunguko nimewaachia vijana, macho yangu hayafiki tena.