Mwenye paka aambiwe leo, si akirudi

Ndugu zangu wa Mombasa wakisikia kwamba hapa Kampala mtu huajiriwa kukaa na mbwa na paka wa watu wakati wenyewe wako safarini, wengi hucheka. Mimi kazi hii naiheshimu, imenilipia kodi ya nyumba na imenifundisha mengi. Siku hizi wananijia dada na kaka tunaoelewana kwa Kiswahili, Wakenya wenzangu, Watanzania, Wakongo wa Katwe na Nsambya. Kila mmoja ana intavyu Kololo, Muyenga au Bugolobi, mitaa ya wenye nacho, na anataka kujua ataulizwa nini. Mengi ninayowaambia ni ya kawaida. Lakini lipo moja ambalo naamini ndilo linalowakosesha watu wetu kazi, nalo ni namna tunavyopeleka habari mbaya.

Kwetu Pwani, aliye safarini hapewi habari mbaya. Mama akilazwa, mwanawe aliye Dubai huambiwa "mama hajambo, anakusalimu", na ukweli ataujua mama akisharudi nyumbani. Hata kwenye msiba, aliye mbali huambiwa kwanza afanye haraka aje, kuna mgonjwa. Tunafanya hivyo kwa huruma. Hatutaki mtu apokee pigo peke yake ugenini, hana wa kumshika mkono. Nimelelewa katika huruma hiyo na sitaki mtu yeyote aidharau. Ila kwenye kazi ya kutunza mnyama wa mtu, huruma hiyo inaweza kuua.

Jirani yangu ni mama wa Bukavu, mchapakazi, mikono yake ina subira ambayo wanyama huijua mara moja. Kabla ya intavyu yake tulikaa barazani kwangu tukafanya mazoezi, mimi nikiwa mwajiri. Nikamwambia, "Niko Nairobi kikazi. Paka wangu hajala tangu jana asubuhi. Unafanya nini?"

"Nitamtafutia samaki mzuri, nitambembeleza."

"Akikataa?"

"Nitasubiri kesho."

"Na mimi utaniambia lini?"

Akanitazama kana kwamba swali lenyewe halina adabu. "Madamu uko kazini, nikusumbue kwa nini? Utapata habari ukirudi."

Ni jibu la mtu mwema, na mwajiri akilisikia humshukuru kwa kuja na asimwite tena. Mwili wa paka hauko kama wetu. Mtu mzima anaweza kufunga siku kadhaa na akaendelea na kazi zake. Paka asipokula siku mbili tatu, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwilini huanza kujaa kwenye ini na ini likashindwa kazi. Kusubiri kesho, halafu kesho kutwa, ndiko kunakomfikisha huko. Tena mwenyewe anajua mambo usiyoyajua: labda paka alikuwa na shida ya figo, labda hususa kila mara sanduku la safari linapotolewa. Yeye ndiye mwenye kuamua aitwe daktari yupi, na yeye ndiye atakayelipa. Ukimnyima habari umemnyima uamuzi wake.

Kwa hiyo nikamwambia jirani yangu ajibu hivi: asipokula asubuhi na jioni, nakuandikia jioni hiyo hiyo pamoja na picha ya sahani. Tukafanya mazoezi hata ya ujumbe wenyewe, maana waajiri wengine huuliza utaandikaje. Uwe mfupi, uwe na saa, useme ulichokiona kabla ya unachokidhani: "Saa mbili asubuhi nimempa chakula chake cha kawaida, hajagusa. Saa kumi na mbili jioni vilevile. Maji amekunywa kidogo. Hajatapika. Amelala chini ya kitanda, nikimwita anageuza kichwa lakini hatoki. Nimpeleke kwa daktari wako kesho asubuhi au leo usiku?" Hapo hakuna "usijali", wala "yuko sawa tu, Mungu mkubwa". Dua tuombe, lakini mwenye paka apewe kwanza alichokiona shahidi.

Hili la kushuhudia ndilo ningetaka watu wetu wajiandae nalo kuliko jambo lolote. Mwajiri akikuuliza kama unapenda wanyama, usiishie kusema ndiyo, kila aliyekutangulia kwenye kile kiti amesema ndiyo. Mwambie unavyomwangalia mnyama. Mbwa, kwa mfano, unamwinua mdomo wa juu taratibu, unabonyeza ufizi kwa kidole mpaka unakuwa mweupe, halafu unaachia. Rangi ya waridi inatakiwa irudi ndani ya sekunde mbili hivi. Ufizi ukiwa mweupe tangu mwanzo, na mbwa amechoka hataki kunyanyuka, unafikiria homa za kupe, maana kupe hapa ni wengi na baadhi ya magonjwa wanayoleta huharibu damu. Fanya hivyo na mbwa wako au wa jirani mpaka mkono uzoee, ili ukiambiwa "nionyeshe" usibabaike.

Kichaa cha mbwa utaulizwa tu. Ugonjwa ukishaanza kuonyesha dalili hauna tiba, kwa mtu wala kwa mbwa, na karibu watu wote wanaoupata wameupata kwa mbwa. Kwa hiyo omba kuona kadi ya chanjo, usione haya. Ukiumwa na mbwa au ukiparuzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe. Kwenye chakula, ujue kwamba chokoleti, vitunguu na zabibu ni sumu kwa mbwa, na kwamba parasetamoli, dawa tunayoimeza bila kufikiri, inamuua paka. Na kuna nzi wa hapa anayetaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, mabuu yakaingia chini ya ngozi. Mbwa huyapata sana. Ukimwambia mwajiri kwamba blanketi la mbwa utalipiga pasi likishakauka, atajua unaijua Uganda.

Sasa suala la tohara, ambalo Waislamu wenzangu huniuliza kwa sauti ya chini. Sisi wa madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi, chombo au mahali palipoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wapo waliokataa kazi kwa sababu hiyo na mimi siwalaumu. Lakini msiende kwenye intavyu mkaficha, halafu mkashikwa na dhiki siku ya kwanza mbwa anapowalamba mkono. Mimi husema mapema: nina nguo za kazi ninazoziacha hapa hapa kwenu, nitahitaji bomba la nje, na mbwa wenu atatembezwa, atalishwa na atatunzwa kama ninavyotunza kila amana. Hakuna mwajiri aliyechukia kusikia hivyo. Na tukumbuke dini hiyo hiyo imetufundisha habari ya aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi zake, na ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Ukifikiri, huyo wa pili alipewa kazi yetu hii hii.

Kwa paka, mtu wa Mombasa ana la kusema na asiogope kulisema. Mji wa Kale paka ni wa mtaa mzima. Anakula vichwa vya samaki mlango huu, analala mlango ule, na watoto wanajua yupi ana mimba na yupi amepigana jana. Lamu, punda wana kituo chao cha matibabu tangu 1987, na kijana aliyekulia huko anajua kusoma masikio ya punda kabla hajapiga teke. Hayo ni maarifa. Nasikitika kila nikimwona mtu wetu anasema "sina uzoefu" kwa sababu tu hakuwahi kulipwa. Tofauti ya hapa ni kwamba paka wa Muyenga ana mtu mmoja tu wa kumwangalia, na mtu huyo akiwa safarini ni wewe. Nyumbani asipokula kwangu huenda amekula kwa jirani. Hapa ukuta una seng'enge, hakuna jirani.

Makaratasi nitayapitia haraka. Kenya wanataka cheti cha maadili mema cha polisi na barua ya chifu. Hapa barua inayosaidia ni ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, wa unapokaa, kwa hiyo jitambulishe kwake kabla hujaihitaji. Tangu 2014 Mkenya anavuka mpaka kwa kitambulisho, lakini kuvuka si kibali cha kazi, hilo lishughulikie. Wakongo mlio wakimbizi, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawapa haki ya kutafuta ajira, bebeni kadi zenu na msiongee kama mnaomba hisani. Vaa nguo safi usiyoogopa kurukiwa, na marashi acha nyumbani.

Na wewe pia uliza, maana mwajiri mwenye akili anasikiliza maswali yako kuliko majibu. Uliza mbwa amezoea maneno gani, wengi wamefundishwa kwa Kiingereza au Kiluganda, na "kaa" yako haitamwambia kitu. Anakula nini hasa, posho (ugali wa huku) na mukene (dagaa) au chakula cha dukani, na nani atanunua kikiisha? Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, ikiisha umeme ukakatika, nyama iliyo kwenye friza ni jukumu la nani? Radi za huku karibu na ziwa zinatikisa madirisha, mbwa wake hukimbilia wapi? Nani mwingine ana ufunguo? Pesa ya daktari itaachwa wapi, na kiasi gani naruhusiwa kutumia simu yako ikiwa haipatikani? Malipo yako ni kwa siku au kwa kazi nzima, na nauli ya boda iko ndani au nje? Desemba, Kampala inapobaki tupu watu wakienda vijijini, kazi ni nyingi na ahadi za mdomo ni nyingi vilevile. Yaandikwe, hata kama ni kwenye ujumbe wa simu.

Swali la mwisho watu wetu hawaliulizi kamwe, kwa kuogopa kutamka mkosi. Mnyama akifa mikononi mwangu, wewe ukiwa mbali, unataka nifanye nini? Wapo wanaotaka ahifadhiwe kwa daktari mpaka warudi, wapo wanaotaka azikwe bustanini siku hiyo hiyo, na wapo wanaotaka wenyewe wawaambie watoto wao, wasisikie kwa mtu mwingine. Mbwa mzee wa miaka 13 anaweza kufa usingizini hata ukimtunza vipi, na mwenyewe analijua hilo kuliko wewe. Nilipomuuliza mwajiri mmoja swali hili alinyamaza kidogo, halafu akasema hajawahi kuulizwa, akaita mumewe tukalipanga wote watatu pale mezani. Liulize kabla hujapokea ufunguo.