Si ugunduzi mpya

Makala yenu imeeleza vizuri saratani ya kibofu cha mkojo kwa wafanyakazi wa viwanda vya rangi, ila kuiita "hatari iliyogunduliwa hivi karibuni" si sahihi. Mwaka 1895 daktari mpasuaji Ludwig Rehn wa Frankfurt, Ujerumani, aliripoti wagonjwa watatu waliokuwa wakitengeneza rangi ya fuksini. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani likachapisha ripoti kuhusu ugonjwa huo. Uingereza ikaja kupiga marufuku beta-naftilamini, kemikali ya kutengenezea rangi inayosababisha saratani hii, mwaka 1967. Hesabuni wenyewe!

Waajiri husaidiwa na jambo moja: ugonjwa huu hauna haraka. Kemikali huingia kwa pumzi au kupenya ngozini, ini huibadilisha, figo huipeleka kwenye mkojo, na mkojo hukaa kibofuni kwa saa kadhaa. Uvimbe unaweza kujitokeza miaka 20 baadaye au zaidi, mtu keshastaafu, kiwanda pengine kimefungwa, na anachoulizwa hospitali ni sigara tu. Sigara nayo inasababisha, sikatai. Lakini mgonjwa anayekojoa damu, hata bila maumivu, aulizwe pia alifanya kazi gani ujanani.