Fundi wa Liège alikataa kugusa prizi yangu

Jumanne asubuhi fundi aligonga mlango wangu hapa Liège, Ubelgiji. Kabla ya kukanyaga ndani akatoa vifuko viwili vya plastiki vya buluu, akavalisha viatu vyake. Nikacheka kimoyomoyo, kwetu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, ningemwambia apanguse miguu tu, apite. Alikuja kubadilisha tiyo la maji lililokuwa linavuja nyuma ya dush la kuogea. Kazi ya saa moja na nusu, akamaliza, akafagia hata vumbi lake. Nikaona nimuongezee kakazi kadogo: maadamu uko hapa, nisogezee na hii prizi ya umeme, iko karibu mno na lavabo ya kunawia. Akaitazama, akasema hapana. Kujua anajua, ila yeye ni plombie, fundi wa mabomba, na prizi ina mwenyewe. Nikamwambia nitamlipa mkononi. Hapana tena. Akaniachia namba ya fundi wa umeme, na huyo nafasi yake ya kwanza ni baada ya wiki tano.

Wiki tano kwa prizi moja! Niliwaka. Kwetu Lubumbashi mtu huyo huyo angesogeza prizi, akapaka rangi ukuta, akapanda juu kupigilia lata la paa lililolegea, akala bukari, ugali wetu, pamoja nasi, na jioni akaomba ya transport. Nilitaka niandike kuwaambia ninyi mliobaki huko kwamba mnakaa vizuri na hamjui.

Usiku nikampigia mama video. Alikuwa bafuni, ameinama, anasukuma maji na raklete.

Lile bafu ni langu mimi. Mwaka 2019 nilisema mama hawezi kuendelea kutoka nje usiku wakati wa mvua kwenda chooni, tumtengenezee bafu na choo ndani, pale palipokuwa depo. Nikatuma makuta, yaani hela. Kazi nikampa mtoto wa shangazi. Kwa nini yeye? Kwa sababu ni mtoto wa shangazi. Ni masoni wa kujenga kuta, ni plombie, umeme anafunga, malata anapiga, na wakati ule alikuwa hana kazi. "Yaya, usiogope, hii njo kazi yangu." Yaya ndiyo mimi, mkubwa wake. Kila jioni picha kwenye WhatsApp: makaro meupe, vile vigae, yanang'aa, robine ya maji inang'aa, yeye mwenyewe anang'aa. Mteremko wa sakafu haukuwa kwenye picha hata moja.

Sakafu ya bafu inahitaji kushuka sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, ielekee kwenye tundu la maji. Ya mama inashuka vizuri kabisa, ila inaelekea mlangoni. Ukioga, maji yanapita chini ya mlango, yanashika koridoo, yanamsalimia mgeni saloni. Mama amekunja gunia mara mbili, analiweka kizingitini, na raklete imesimama kwenye kona kama mtoto wa nyumba. Halafu fosi, shimo la choo. Ile aliichimba hatua saba kutoka kisima cha jirani, kwa sababu hapo ndipo udongo ulikuwa laini. Ushauri wa kawaida ni mita 15 angalau, na wengi husema 30. Jirani ni mtu mpole, hakusema kitu. Aliacha tu kunywa maji ya kisima chake, sasa ananunua ya bidoni. Mimi hilo nililijua baada ya miaka miwili, tena kwa kuteleza ulimi kwa mdogo wangu.

Sasa nawasikia. "Haya, watu wa Mputu, wa Ulaya, wameanza. Umekula chipsi za Ubelgiji miaka 14, leo fundi wetu hana maana." Ngoja kwanza. Mimi sijasema fundi wetu hajui. Kuna mzee mmoja Katuba alijenga ukuta wa parseli yetu nikiwa mdogo. Nivo yake, kipimo cha usawa, ilikuwa tiyo la plastiki linaloonyesha ndani, limejazwa maji: mtoto anashika ncha hii, yeye anashika ile, maji yanasimama sawa, anachora alama kwa mkaa. Ukuta mzima, na tofali za udongo wa kichuguu, bila karatasi. Hapa nimeona mtu akiweka mashine ya leza juu ya miguu mitatu kupata kitu kile kile. Ukuta wa mzee haujapasuka mpaka leo, na malori ya kwenda Kasumbalesa yanapita karibu usiku kucha. Ujuzi tunao. INPP, chuo cha ufundi cha serikali, inafundisha toka 1964, shule ya Cité des Jeunes ya Wasalesiani inatoa vijana kila mwaka, masoni, sharpantie wa mbao, watu wa umeme. Je, ni nani kati yenu aliwahi kumuuliza fundi, "Brevet yako, cheti cha ufundi, iko wapi?" Mimi sikuuliza. Niliuliza tu, "Utaanza lini?"

Tena niseme la aibu yangu, mjue siandiki nikiwa juu ya mti. Jikoni kwangu hapa, miaka mitatu iliyopita, nilimpa kazi mtu niliyeelekezwa na mwenzetu kanisani. Kijana wetu, anaongea Kiswahili kitamu cha Kolwezi, bei yake nusu ya wengine. Akachukua asilimia 30 ya kwanza, akavunja makabati ya zamani siku mbili, akapotea. Nimepika koridoo miezi miwili, kwenye reshodi moja ya umeme. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba Ubelgiji kila kampuni ina namba, na namba hiyo unaiangalia bure kwenye intaneti, katika daftari linaloitwa Banque-Carrefour des Entreprises: ipo, haipo, imefungwa lini. Ni dakika mbili tu. Sikufanya, kwa sababu nilichagua kwa njia ya nyumbani: nani anamjua, na anaongea namna gani. Nilivuka bahari na njia yangu ile ile.

Kwa hiyo devi ya plombie wa Jumanne, karatasi ya kazi na bei yake, niliisoma kama barua ya mahakama. Namba ya kampuni juu. Kila tiyo na urefu wake. Kodi imeandikwa asilimia 6, si 21, kwa kuwa nyumba yangu imepita miaka 10 na ni ya kuishi. Kuhusu ile garanti ya miaka 10 ambayo ndugu zetu hupenda kujivunia, msijidanganye, haishiki kila robine. Ni kwa makosa mazito yanayohatarisha uimara wa jengo, na bima yake imekuwa ya lazima toka Julai 2018 kwa kazi za nyumba ya kuishi zinazohitaji arkitekti. Dush langu halimo. Lakini nina karatasi yenye jina la aliyelifanya na tarehe. Likivuja tena, najua nani wa kupigia, naye anajua kwamba ninajua. Na nikifikiri vizuri, kukataa prizi kulitoka hapo hapo: umeme wa bafu hapa una masharti yake kufuatana na umbali kutoka kwenye maji, na angeigusa, jina lake ndilo lingekuwa juu ya prizi hiyo.

Mtoto wa shangazi jina lake haliko juu ya kitu. Nimpigie nimwambie nini? Ni damu. Nikisema mteremko mbaya, shangazi atalia kwamba nimemdharau mwanae kwa sababu ya makuta. Tukimpa ndugu kazi, tunakuwa tumenunua na kunyamaza.

"Unataka devi yenye mhuri kwa mtu anayekula mara moja kwa siku?" Sitaki mhuri. Mwaka jana, kurekebisha lile bafu, nilimwambia mdogo wangu: usitazame kazi mpya ya fundi yeyote, mpya zote zinang'aa. Mwambie akupeleke kwenye nyumba aliyoijenga misimu miwili ya mvua iliyopita. Mwage ndoo ya maji, utazame inakwenda wapi. Kisha muulize mama mwenye nyumba, fundi akiwa nje. Wa kwanza alikasirika akaondoka. Wa pili alikuwa na nyumba mbili za kuonyesha kule Kenya, mtaa wa Lubumbashi, nyuma ya soko. Huyo tulimwandikia mambo kwenye ukurasa wa kaye, wakatia sahihi wote wawili: simenti na makaro tunanunua wenyewe, mkono analipwa mara tatu, na mara ya mwisho ni baada ya ndoo. Aliingia, akatazama sakafu, akauliza swali ambalo mafundi wote wa dunia huuliza, hata wa Liège: "Nani aliwafanyia hii?" Mama akasema hakumbuki.

Akavunja makaro nusu, akaanza vizuri. Halafu kukawa na kilio katika familia, makuta yakaenda huko, kazi imesimama. Ndiyo maana raklete bado iko kazini. Fosi hatujaigusa. Jirani bado ananunua maji.

"Basi rudi uje ujenge mwenyewe." Nitarudi Desemba, kwa wiki tatu, na nivo ya kwangu katika valizi.

Jana mtoto wa shangazi ameniandikia. Kuna mama mmoja wa Kampemba anataka bafu ndani, ila ni mama msumbufu, hataki picha, anataka kuona kazi ya zamani na karatasi kutoka kwa mtu aliyefanyiwa. "Yaya, uniandikie kapapie kadogo, useme lile bafu la mama ni mimi nilifanya." Ujumbe una alama mbili za buluu. Anaona kwamba nimeusoma.