"Yeye" ni mmoja, ila kuna anayeoa na anayeolewa

Ukisema "amekuja", msikilizaji hajui kama aliyekuja ni baba au mama. Kiswahili hakiulizi. Daktari, mgeni, mtemi, mwizi, wote ni "yeye", na kitenzi hakibadiliki kwa ajili ya jinsia ya mtu. Lakini fika kwenye ndoa uone. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Mmoja anatenda, mwenzake anatendwa, na binti akisema "nimemuoa fulani" atasahihishwa papo hapo hata na mtoto wa shule.

Naanzia kwenye lugha kwa sababu mjadala wa ufeministi, yaani fikra na harakati za kudai usawa wa mwanamke na mwanamume, hapa kwetu Kigoma, uwe kwenye baraza za Ujiji au kwenye makundi ya WhatsApp, hukwama kwenye sentensi mbili. Ya kwanza: hayo ni mambo ya wazungu, yameletwa kuvunja nyumba za watu. Ya pili, inayojibu: huo ni mfumo dume unaongea. Mazungumzo yanaishia hapo. Pande zote mbili huuchukulia ufeministi kama kitu kimoja, cha kumezwa kizima au kutemwa kizima, wakati ni ubishi wa zaidi ya miaka mia mbili ambao wanaobishana sana ni wanawake wenyewe kwa wenyewe. Wanakubaliana kwamba mwanamke amewekwa chini. Kilichomweka huko ndicho wasichokubaliana.

Hoja ya "mambo ya wazungu" isidharauliwe, maana wapo wasomi wa Kiafrika walioijenga kwa nguvu kuliko mzee yeyote wa barazani. Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí wa Nigeria alitoa kitabu mwaka 1997 akisema kwamba kwa Wayoruba wa zamani cheo cha mtu kilitokana zaidi na umri na ukoo, na kwamba lugha yao haina "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume. Kwa maoni yake, mwanamke kama kundi zima la watu walio chini ni kitu kilichojengwa na ukoloni. Mswahili akisoma hayo lazima aguswe. Na jirani zetu wa Tabora wana mfano wao. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alijilipua kwa baruti Januari 1893 asije akaangukia mikononi mwa Wajerumani, na baada yake utemi ulishikwa na Nyaso, mwanamke. Mwaka huohuo wa 1893 New Zealand ilikuwa nchi ya kwanza kuwapa wanawake kura katika uchaguzi wa bunge. Vitabu vya historia ya nadharia hii huita kipindi kile wimbi la kwanza, na huwezi kumkuta Nyaso humo.

Hadi hapo nipo na Oyěwùmí. Tunaachana kwenye mambo mawili. Nyaso alikalia kiti wakati Wajerumani wameshashinda na mkono wao umo, tena mwanamke mmoja kwenye kiti hatuambii lolote juu ya yule aliyekuwa kwenye kinu akitwanga mtama. La pili ni lile neno "olewa". Halikushuka kwenye meli. Watu wenye "yeye" mmoja ndio haohao waliogawa kuoa na kuolewa, na mgawanyo huo una mahari, una ardhi, una watoto ndani yake.

Wanaobishana juu ya kilichomweka mwanamke chini wamegawanyika matawi. Tuanze na kongwe, la kiliberali. Olympe de Gouges wa Ufaransa aliandika tamko la haki za mwanamke mwaka 1791, miaka miwili baadaye akakatwa kichwa. Mary Wollstonecraft wa Uingereza alifuata mwaka 1792 na hoja kwamba mwanamke akionekana mjinga ni kwa kuwa amenyimwa elimu, akili anayo. John Stuart Mill akalisemea jambo hilo mwaka 1869. Dawa ya tawi hili ni sheria sawa, shule sawa, kura sawa. Uingereza yenyewe ilitoa kura mwaka 1918 kwa wanawake wa kuanzia miaka 30 wenye sifa za mali, wakawa sawa na wanaume mwaka 1928. Ufaransa ilingoja hadi 1944. Huku kwetu Bibi Titi Mohamed alikuwa anawakusanya wanawake katika TANU tangu 1955, na nchi ilipojitawala mwanamke hakuambiwa asubiri miaka kumi nyuma ya kaka yake.

Wanaolibeza tawi hili kuwa la wasomi wa mjini wakumbuke limetuachia nini. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Baraza la ardhi la kijiji lina watu saba, na watatu wao lazima wawe wanawake. Kifungu cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinachoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kilipelekwa Mahakama Kuu, kikaonekana mwaka 2016 kuwa kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakazia mwaka 2019. Hayo si maneno ya semina.

Ila sheria ni mlango, na mlango haumbebi mtu. Tamko la sheria za kimila la mwaka 1963 linasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto. Wajane wawili wa Shinyanga walilipinga, Mahakama Kuu ikasema mwaka 2006 kwamba mila zinabagua ila haiwezi kuzifuta, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake ikaona kwamba Tanzania imewakosea. Sheria mbili za nchi moja, moja inampa mama shamba, nyingine inamkabidhi kwa wanawe. Kijijini inashinda ile ambayo shemeji anaijua.

Nenda mwalo wa Kibirizi asubuhi, vyombo vikirudi kutoka usiku wa giza, uone tawi la pili, la kisoshalisti, lilikuwa linazungumzia nini. Wanaume wamevua kwa taa. Wanawake wananunua dagaa kwa ndoo na beseni, wanaanika mchangani au kwenye chanja, wanapepeta, wanafungasha kwenye magunia ya kupanda treni kupitia Tabora. Mapato ya chombo yanagawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi wake. Mama wa kuanika hayumo katika mgao ule, faida yake inaanzia pale alipolipa. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024 ili samaki wazaliane, kila mtu aliuliza wavuvi watakula nini. Ni swali la haki. Lakini neno "mvuvi" halimgusi mama mwenye chanja tupu, na asiyetajwa kwa jina la kazi yake ni vigumu kuhesabiwa alipopoteza.

Friedrich Engels aliandika mwaka 1884 kwamba kushindwa kwa mwanamke kulianza mali ilipokuwa ya mtu binafsi na baba akataka kujua mrithi wake. Clara Zetkin, msoshalisti wa Kijerumani, ndiye aliyetoa pendekezo la siku ya wanawake duniani mjini Copenhagen mwaka 1910, na wengi wanaovaa kitenge cha Machi 8 hawajui kwamba ilianza kama siku ya wafanyakazi wanawake. Mwaka 1972 Mariarosa Dalla Costa na Selma James walikwenda mbali zaidi: kupika, kufua na kulea ni kazi, na utajiri wa mwenye kiwanda umesimama juu yake bila kuilipa. Watu waliona ni kichekesho. Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1983, Mahakama yetu ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mumewe zimetosha fungu lake. Alipoteza yeye, wakapata waliomfuata. Nikiulizwa ni wapi nadharia hii ilipogusa maisha ya mama wa Tanzania asiyejua hata neno "ufeministi", nitataja hukumu hiyo kabla ya mkutano wowote.

Tawi la siasa kali ndilo linalotajwa na wanaoogopa. Kate Millett na Shulamith Firestone walitoa vitabu vyao mwaka 1970, hoja ikiwa kwamba mzizi ni utawala wa mwanamume juu ya mwili wa mwanamke, chumbani na jikoni kabla ya bungeni. Nalishukuru kwa jambo moja kubwa. Kipigo cha nyumbani tulikiita mambo ya ndani, na mama aliyekimbilia kwao alirudishwa na mkeka wake. Tawi hili ndilo lililosema hakuna "ndani" inayohalalisha mtu kuumizwa. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilipaza sauti hiyo kwa Kiswahili hadi ikapatikana sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Ninapolikataa ni pale linapomgeuza kila mwanamume kuwa adui wa kudumu. Mwanamke wa mwaloni ana mume, ana kaka mwenye chombo, ana mwana baharia. Huwezi kumwambia ashinde kwa kuwaacha.

Hapo Obioma Nnaemeka, Mnigeria mwingine, ana jibu linalopendwa sana Afrika: ufeministi wa kujadiliana, wa kujua lini usogee na lini uzunguke. Shangazi zetu wameuishi huu bila kuuita jina. Lakini anayejadiliana bila kitu mkononi anaomba, na ombi hukubaliwa au hukataliwa kwa hiari ya mwombwa. Kwa hiyo narudi tena kwenye mali.

Wanawake weusi wa Marekani waligundua kasoro nyingine. Kampuni ya General Motors ilikuwa haijaajiri wanawake weusi kabla ya 1964, kisha ikapunguza wafanyakazi kwa kuanza na walioingia mwisho. Waliposhtaki, mahakama ilisema kampuni imeajiri wanawake (weupe) na imeajiri weusi (wanaume), basi ubaguzi haupo, na haiwezi kuunganisha madai hayo mawili. Kimberlé Crenshaw aliichambua kesi hiyo mwaka 1989 kuonyesha kwamba maonevu hukutana kama barabara kwenye njia panda. Sisi tunaoishi karibu na kambi ya Nyarugusu hatuhitaji kwenda Marekani. Mama wa Kikongo pale ni mwanamke, ni mkimbizi, na hana ardhi kwa sababu zote mbili. Mpango wa "wanawake wa Kigoma" unaweza kumpita, na mpango wa "wakimbizi" ukazungumza na mumewe.

Kuna kisa cha hapahapa ambacho sijui kwa nini hatukisimulii. Jane Goodall, Mwingereza aliyechunguza sokwe, alipotaka kuja Gombe mwaka 1960, wakuu wa kikoloni walikataa msichana kukaa porini peke yake. Ikabidi aje na mama yake, Vanne, wakashuka ufukweni Julai 14. Ufeministi wa kiliberali unaona hapo ushindi, na ushindi ni wa kweli: mwanamke asiye na shahada wakati ule aliwapa sokwe majina badala ya namba na akabadili sayansi. Donna Haraway, katika kitabu chake cha 1989 juu ya sayansi ya nyani, aliitazama picha maarufu ya mkono wa msichana mweupe na mkono wa sokwe, akauliza Waafrika wako wapi. Mwaka 1960 nchi za Afrika zilikuwa zinapata uhuru moja baada ya nyingine, na Tanganyika ilifuata Desemba 1961, lakini kwenye picha ni pori lisilo na watu. Hoja zote mbili ni sahihi, na hiyo ya pili ndiyo inayomrudisha mwanakijiji wa pembeni ya Gombe kwenye historia yake.

Simone de Beauvoir alisema mwaka 1949 kwamba mtu hazaliwi mwanamke, bali huwa mwanamke, na Judith Butler mwaka 1990 akaongeza kwamba jinsia ni jambo linalotendwa na kurudiwa kila siku. Aliyewahi kumpeleka binti kufundwa hahitaji kufafanuliwa. Tungekuwa tumeamini uanamke unazaliwa tu, kungwi angekuwa na kazi gani?

Wanaosema haya yote yaliletwa na wageni wakumbuke pia kwamba mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995 uliongozwa na katibu mkuu Mtanzania, Gertrude Mongella, na ule uliotangulia ulifanyika Nairobi mwaka 1985.

Kwa sasa macho yangu yako kwenye michikichi. Ester Boserup wa Denmark alionyesha mwaka 1970 kwamba kilimo cha Afrika kilikuwa mikononi mwa wanawake, na kila mara zao lilipoleta fedha na mashine, wanaume walilichukua. Kigoma mwanamume hupanda mti kukata mkungu, na mawese hukamuliwa na wanawake. Tangu kampeni ya michikichi ya 2018 kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kinazalisha miche bora, na mashine za kukamua zinaingia. Mchikichi ukishika hudumu ardhini zaidi ya miaka ishirini, na anayemiliki ardhi ndiye anayemiliki miaka hiyo yote. Sheria ya ardhi ya vijiji inaruhusu hati ya kimila iandikwe majina mawili, la mke na la mume. Nataka kuyaona majina hayo kwenye hati na kwenye daftari la miche, na nataka kujua mashine ikishafungwa ni nani atakayekaa na ufunguo wake.