Raba zilizokata roho jabalini Mutrah

Jamani hapa Muscat kuna njia ya jabalini inaitwa C38, inaanzia Riyam karibu na kile chetezo kikubwa cheupe halafu inapanda inashuka weee mpaka inatokea Mutrah, huhitaji hata mtu wa kukuongoza, unafata tu vibendera vya njano, nyeupe na nyekundu vilopakwa kwenye mawe. Shangazi akasema twende, si ndo baridi sasa, maana kiangazi huko utabanikwa.

Basi mie nikavaa kimichezo kweli kweli, traki, kofia, na raba za mtumba, nzuri hizo, nilikuwa nimezitunza kwenye boksi. Shangazi kavaa buibui na ndara, mkononi chupa ya kahawa. Nikamwambia shangazi utateleza, akanitazama tu.

Kule juu raha jamani, kimyaaa, bahari yote unaiona, ngome ya Mutrah, meli zimejipanga bandarini, nikatoa simu nipige selfi nikasikia mguu wa kulia unapiga makofi. Kucheki, raba inacheka! Gundi yote imegeuka unga, soli inaning'inia kisiginoni. Kupiga hatua mbili ikabanduka mazima ikateremka bondeni, na ya kushoto nayo ikaanza kucheka kwa kumuonea wivu mwenzie. Na mawe ya kule makali, wallahi nilihisi kila kijiwe kwa jina lake.

Shangazi anacheka mpaka kakaa chini kahawa inamwagika. Kicheko kilivyomtoka akavua mtandio wake wa juu, wa waridi, una vishanga, akaukata vipande viwili kwa meno akanifunga miguu yote, mafundo kwa juu, vishanga vinalia chin chin kila nikikanyaga. Yeye na ndara zake huyooo mbele.

Tukatokea sokoni hivohivo. Watalii wananipiga picha, sijui walidhani vazi la kienyeji. Kuna mzee mmoja anapima ubani, ndevu nyeupe, kanzu safi, kanikodolea macho hapepesi, nami nikamwambia shangazi kwa sauti tu maana nishazoea Kiswahili changu ndo siri yangu, "Huyu babu naye vipi, hajawahi kuona mtandio?"

Mzee hata mizani hakuweka chini: "Mtandio nshauona mwanangu, natafuta kiatu."

Na shangazi badala ya kunitetea akamuuliza, "Kumbe wa Unguja weye? Mtaa gani?" Basi nikatafutiwa kigoda nikakaa.