Rangi ikitoweka, sumu imekwenda wapi?

Jana nimekutana tena na ile picha: chupa mbili zimesimama bega kwa bega, moja ya bluu iliyokolea, ya pili maangavu kama maji ya mvua, na chini yake maneno kwamba uchafu wa rangi za nguo umeteketezwa kwa mwanga. Imenikera, maana kazi hii ya kusafisha maji kwa mwanga na unga unaoamshwa na mwanga naipenda.

Mimi mwenyewe niliwahi kutia unga wa titani dioksidi, ule mweupe unaoamshwa na mwanga, kwenye maji yenye methileni bluu, rangi ya bluu ya majaribio, nikakoroga, nikayaacha gizani nusu saa. Taa sijaiwasha bado, na maji yameshapauka! Unga ulipotuama nikaona umegeuka samawati. Rangi ilikuwa imehamia kule.

Hata ukiwasha taa usikimbilie kushangilia. Methileni bluu ikipokea elektroni hupoteza rangi, kisha ikikutana na oksijeni hurudi bluu ile ile. Rangi za azo, zile za nguo ambazo molekuli zake zimeshikwa na kiungo cha nitrojeni mbili, ndizo zinazonitia hofu zaidi. Kiungo hicho kikikatika, jicho halioni kitu tena, lakini ndani ya maji zinaweza kubaki amini za aromatiki, yaani vipande vya rangi vyenye nitrojeni na pete ya kaboni, na baadhi yake husababisha saratani. Mtu atakayeyanywa maji hayo hana hata ile bluu ya kumwonya.

Sikatai kwamba mwanga unaweza kuimaliza kazi. Wanasayansi wa Kijapani Fujishima na Honda walionyesha mwaka 1972 kwamba titani dioksidi ikimulikwa inapasua hata maji yenyewe. Na radikali za haidroksili, vipande vikali vya oksijeni na haidrojeni vinavyozaliwa juu ya chembe zake, hurarua karibu kila kitu chenye kaboni. Lakini zipewe muda, na tupime kaboni iliyosalia majini. Isipogeuka kaboni dioksidi, bado ipo humo, kwa sura nyingine.

Na tuache kuita "nguvu ya jua" jaribio lililofanywa kwa taa ya urujuanimno, ile miale isiyoonekana kwa macho. Titani dioksidi ya anatase, umbo la fuwele linalotumika sana, hutaka miale iliyo chini ya nanomita 387 hivi, na urujuanimno wote ni kama asilimia 5 tu ya nishati ya jua. Chumvi na sabuni za maji ya kiwandani nazo huizuia kazi hii kwa namna yake.

Ombi langu kwa wanaofanya kazi hii: pembeni ya ile picha wekeni kipimo cha kaboni. Halafu chujeni ule unga, mtuonyeshe umekuwa wa rangi gani.